Hukuniuliza

Nkende nzima ilijua kwamba kwa Wegesa huendi kusikilizwa. Unaenda kuambiwa. Ukifika na ndoa yako inayovuja, kabla hujakaa kwenye kigoda ameshakwambia kwamba mumeo ana mwanamke Sirari, umkague mifuko, na mama yake uache kumpelekea unga. Mara nyingi alipatia. Alipokosea, waliovunja nyumba zao kwa maneno yake waliona haya kurudi kumlaumu. Ndiyo maana kanisa lilipoombwa kutoa watu wawili wa kwenda kusomea stadi za ushauri nasaha pale Bomani, mchungaji hakuhangaika kutafuta. Alimtaja Wegesa, mjane wa Nyamhanga, na Zablon, mzee wa kanisa mwenye suti ya kijivu na sauti ya kutangazia.

Wegesa alivaa kitenge chake cha Krismasi. Alitegemea kuketishwa mbele, yeye aseme na wengine waandike.

Mkufunzi alikuwa binti mdogo kutoka Musoma, Eunice, amevaa suruali na raba. Aliziondoa meza zote ukumbini, akapanga viti viwili viwili, kimoja kikikitazama kingine.

"Mshauri mzuri hashauri," alisema.

Ukumbi ulicheka. Zablon alinyoosha mkono. "Samahani, mwalimu. Na fundi seremala asiyeranda mbao, huyo tumwite nani?"

"Tumwite msikilizaji, mzee wangu. Anayekuja kwako anayo majibu yake, yamefunikwa tu. Unakaa naye mpaka ayaone mwenyewe. Humkatizi, humhukumu, humpangii."

"Na kama majibu yake ni ya kijinga?" Wegesa aliuliza.

"Kwa kipimo cha nani, mama?"

Aibu yake ilianzia hapo. Alipewa muuguzi mmoja wa kufanya naye mazoezi. Muuguzi alieleza kwamba tangu dada yake ahamie kwake hapati usingizi, na kabla hajafika mwisho wa sentensi Wegesa alimwambia, "Mfukuze."

"Tuanze tena, mama," alisema Eunice, aliyekuwa amesimama nyuma yake.

Muuguzi alianza tena. Wegesa alivumilia, midomo ikimcheza. "Mfukuze kwa upole," alisema.

Watu waligonga viti kwa kicheko. Eunice hakucheka. Alimwomba akalie viganja vyake, kwa sababu mikono yake ilikuwa inaanza kushauri kabla ya mdomo. Basi mwanamke mwenye wajukuu akakalia mikono kama mtoto wa chekechea, na kijana mmoja akampiga picha kwa simu.

Lakini Wegesa hakuwa mtu wa kushindwa na kitu wanachokiweza watoto wenye raba. Mpaka jua linageuka alikuwa ameshika namna yake. Mtu anasema, unayachukua maneno yake mazito na kumrudishia, bila kuongeza chumvi. Anasema amechoka, unamwambia, umechoka. Humwulizi kwa nini, maana kwa nini ina harufu ya mahakama. Na anachokwambia kinakufa na wewe. Muuguzi yule, aliporudishiwa maneno yake mawili tu, alilia hadi akaomba kutoka nje. Wegesa alibaki akitazama kiti kitupu. Maisha yake yote aliwaambia watu la kufanya, na hakuna aliyewahi kulia namna ile.

"Mkafanye mazoezi nyumbani," Eunice aliwaagiza. "Mtafute mtu mmoja. Ila asiwe mtu mliye na mamlaka juu yake. Anayekuogopa hawezi kukufungukia, na akikufungukia anaweza kuumia."

Wegesa alilipima lile neno. Yeye si mwenyekiti wa mtaa, si mwalimu, si askari. Mamlaka angeyatoa wapi? Nyumbani alikuwa na Robi tu, na Robi alikuwa mke wake.

*

Wakurya wanaiita nyumba ntobhu. Mwanamke asiyejaliwa mtoto wa kiume anatoa ng'ombe, anaoa msichana, na watoto wa msichana huyo wanakuwa wa nyumba yake. Wegesa alizaa mabinti, wote wakaolewa mbali. Mumewe alipokufa, Joram, mdogo wa marehemu, alianza kulizunguka shamba la kaka yake kila asubuhi akipiga mluzi. Wegesa hakungoja mluzi uishe. Aliswaga ng'ombe waliobaki hadi Machochwe, kule pembeni mwa hifadhi, akarudi na Robi. Alipozaliwa mtoto wa kiume akapewa jina la marehemu, Nyamhanga. Kisha akaja Rose. Joram aliacha kupiga mluzi.

Robi alimwita Wegesa mama. Alilima, alichota maji, alipika, na hakuwa na maneno mengi. Wegesa alikuwa akiwaambia majirani kwamba amepata mke mtulivu.

Alasiri hiyo walikaa nyuma ya nyumba wakipukuchua mahindi. Wegesa alisogeza kigoda chake kikatazamana na cha Robi.

"Robi, mwanangu. Leo unajisikiaje?"

Robi aliacha gunzi hewani. "Nimefanya nini, mama?"

"Hujafanya kitu. Nauliza."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Unaona kama naumwa."

"Naona umekalia mikono."

Walicheka wote wawili, na kicheko kile kilifungua mlango kidogo. Siku ya kwanza Robi alisema juu ya mgongo tu, kwamba unamuuma akiinama. Wegesa akamwambia, mgongo unakuuma, na hakumtajia dawa. Siku ya pili alisema juu ya mama yake, kwamba alikufa bila yeye kuambiwa mapema. Siku iliyofuata hakungoja kuulizwa.

"Walipokuja kuniambia naolewa nilikuwa natoka kisimani," alisema, macho kwenye mahindi. "Nikamuuliza baba, mume yuko wapi? Akanionyesha wewe. Ulikuwa unahesabu ng'ombe zizini kwetu. Nikadhani wewe ni mama yake, na mwenyewe anakuja nyuma. Nilikaa hapa msimu mzima nikiangalia barabara."

Kifua cha Wegesa kilijaa majibu. Kwamba alimpa chumba chenye bati. Kwamba hakuwahi kumpiga. Alikandamiza viganja chini ya mapaja. "Ulikuwa unaangalia barabara," alisema.

"Ndiyo. Halafu akaja yule fundi baiskeli."

Fundi baiskeli alikuwa jirani mwenye mke na watoto, mtu mpole, asiyelewa pombe. Wegesa alimchagua kwa uangalifu, kama anavyochagua mbegu.

"Alikuwa anakuja ameshika viatu mkononi," Robi alisema. "Na wewe ulikuwa unamwekea maziwa mlangoni. Kikombe cha bati, umekifunika kwa kisahani ili nzi wasiingie. Nilikuwa nakisikia kisahani kinalia, najua amekunywa, sasa anaingia. Mimi hukuniuliza."

Kuku walikuwa wanadonoa punje karibu na miguu yao na hakuna aliyewafukuza.

"Unasema sikukuuliza," Wegesa alisema, na sauti yake haikuwa ile ya ukumbini.

"Hukuniuliza."

Kisha Robi akasema lililobaki, haraka, kama mtu anayemwaga maji machafu kabla hayajamchafua. Kulikuwa na mwanamume, Maduhu, Msukuma wa Bariadi aliyekuja kuchimba dhahabu Nyamongo na kupanga chumba jirani na mashine ya kusaga. Amechoka mashimo, anarudi kwao kulima pamba. Amemwambia waende wote, na watoto. Jumapili, watu wakiwa kanisani.

"Utamwambia Joram?"

Wegesa alijua kila neno alilotakiwa kusema kama mkwe, kama mume, kama mwenye ng'ombe. Alijua pia kwamba watoto wakipanda basi la Bariadi, nyumba ya Nyamhanga imekwisha, na mluzi utaanza kesho yake.

"Sitasema," alisema.

Robi aliinua uso, akamtazama kwa mara ya kwanza tangu waanze kupukuchua. Hakushukuru. Alionekana kuogopa zaidi.

*

Ijumaa ilikuwa siku ya mwisho ya mafunzo. Eunice aliwagawa watatu watatu: mmoja aseme, mmoja asikilize, mmoja atazame na kutoa maoni. Wegesa alipangiwa kusema. Eunice mwenyewe alikaa kiti cha msikilizaji, na mtazamaji akawa Zablon.

"Jambo la kweli, mama. La kuigiza halitufundishi."

Wegesa alisita. "Likitoka nje?"

"Halitoki. Tumekubaliana wote na kusaini, si ndiyo?"

"Mimi ni kaburi," Zablon alisema, akiweka mkono kwenye tai.

Wegesa hakutaja jina. Alisema kuna mwanamke amesikia jambo nyumbani kwake mwenyewe. Aliyemwambia anataka kuondoka na watoto, na mwenye nyumba ameahidi kunyamaza, na sasa halali. Eunice alimrudishia: "Umebeba ahadi inayoweza kubomoa nyumba yako." Wegesa alisikia machozi yanakuja, akashangaa, maana hakulia hata alipomzika mumewe. Alilia kwa sauti. Alisema mambo ya kikombe na kisahani. Alisema Jumapili.

"Hapo umefika, mama," Eunice alimwambia baadaye, akimshika bega. "Hapo ndipo penyewe."

Zablon alipoulizwa maoni alisema amejifunza mengi.

Walipewa vyeti, wakala wali na kuku, wakapiga picha ya pamoja. Njiani kurudi Nkende Zablon alimbebea Wegesa mfuko. Alimuuliza watoto hawajambo, na Robi hajambo. Wegesa akajibu hawajambo.

*

Jumapili Wegesa alifua sweta la Nyamhanga alfajiri na kulianika kwenye ua mahali ambapo mtu anayetoka hawezi kulikosa. Kisha akaenda kanisani. Aliimba nyimbo zote. Zablon hakuwepo kwenye benchi la wazee, na alipoliona benchi lile lina nafasi, Wegesa alijua. Alisimama katikati ya mahubiri akatoka, lakini miguu yake haikuwa na haraka ya kutosha.

Stendi, Robi alikuwa ameshapanda. Rose alikuwa mapajani, Nyamhanga dirishani, na Maduhu upande wa pili wa njia, kofia imeshushwa usoni. Joram alifika na vijana wa ukoo kwenye pikipiki. Hawakupiga kelele. Joram alimsalimia konda, akamweleza kwamba mle ndani kuna watoto wa kaka yake marehemu wanaibwa, na konda akafungua mlango kwa heshima kabisa.

"Mura, kijana wangu, shuka," Joram alimwambia Nyamhanga, kwa upole. "Babako hakuzikwa Usukumani."

Robi alishikilia kiti. Walimbandua vidole. Abiria mmoja aliuliza kuna nini, mwingine akamjibu, watoto wa ng'ombe hao, na lile jibu likamtosha. Robi alishuka akiwafuata watoto, akamwacha Maduhu. Alisimama kwenye vumbi, akageuka kulitazama dirisha. Maduhu hakushuka. Basi lilipiga honi, likaondoka naye, na mkoba wa Robi ukiwa juu.

Wegesa alifika pikipiki zikiwashwa. Rose alikuwa amebanwa kati ya migongo miwili, akilia. Robi alimwona Wegesa.

"Ulisema hutasema," alisema.

"Robi..."

"Nilikuwa sisemi kitu mimi. Miaka yote nilikuwa sisemi. Wewe ndiye uliyekuja kuniuliza najisikiaje."

Siku hiyo hiyo Joram alimrudisha Robi kwao Machochwe, kwa kaka wa Robi, na kudai ng'ombe warudishwe. Ng'ombe wenyewe walikuwa wameliwa zamani. Kaka yake alimpa Robi mahali pa kulala jikoni, na mke wa kaka akaanza kumficha chumvi.

*

Wegesa alimpigia simu Eunice. Alimkuta Geita, kwenye mafunzo mengine. Nyuma yake watu walikuwa wanaburuza viti.

Alimweleza yote. Halafu akasema, "Sasa niambie nifanye nini."

"Nasikia umelemewa sana, mama."

"Nimelemewa. Nifanye nini?"

"Ungependa mtu akupe jibu."

"Mwalimu, usinirudishie maneno yangu. Hayo ninayo. Nipe yako."

Viti viliacha kuburuzwa. Eunice alipozungumza tena alikuwa binti mdogo tu. "Nilikwambia asiwe mtu uliye na mamlaka juu yake."

"Nilidhani sina."

"Na Zablon alisaini."

"Alisaini."

"Naweza kuwaandikia kanisa. Ninaweza... Mama, sijui. Kweli sijui."

Wegesa alimshukuru. Lilikuwa neno la kwanza kutoka kwa binti yule lililomfikia bila kupita kwenye kitabu, na halikuwa na msaada wowote.

Cheti cha Zablon kilikuwa tayari kimetundikwa ofisini kwa mchungaji, kwenye fremu. Watu wa Nkende walianza kwenda kwake na shida zao. Walisema anasikiliza vizuri sana.

*

Kikao cha ukoo, ritongo, kiliitwa nyumbani kwa Joram. Wanaume walikaa kwenye viti na mabenchi. Wegesa aliwekewa kigoda katikati, peke yake. Nyamhanga alikuwa ukutani na watoto wa Joram, amevaa shati la mtu mwingine. Rose alikuwa mgongoni kwa mke wa Joram.

Zablon alisimama kwanza. Alisema haikuwa rahisi kwake, kwamba aliomba sana kabla ya kuvunja ukimya, na kwamba kuna siri za mtu na kuna mali ya ukoo. Wazee waliitikia. Hakumtazama Wegesa, lakini alipomaliza alijifuta jasho, na suti yake ilikuwa ileile ya ukumbini.

Mzee wa mila aliyeongoza kikao alimgeukia Wegesa. "Umesikia. Ulijua?"

"Nilijua."

"Mpaka siku?"

"Mpaka siku."

Mabenchi yalinung'unika. Joram alitikisa kichwa kwa masikitiko ya mtu ambaye mambo yake yanakwenda vizuri. "Shemeji alikuwa mwanamke wa maneno," alisema. "Maneno yake tulikuwa tunayaweza. Wamempeleka Bomani wamemfundisha kunyamaza, na nyumba imepata moto."

Walicheka, na Wegesa mwenyewe nusura acheke, maana kilikuwa kicheko cha haki.

"Hatukukuita kukuangamiza," mzee alisema. "Utatoa mbuzi na pombe ya wimbi. Utasimama mbele yetu useme umelikosea jina la mumeo. Jioni hii watoto watalala kwako. Tena Joram, pamoja na yote uliyomtendea, amekutafutia binti mwingine. Ng'ombe tutachanga. Nyumba yako haitazimika."

"Binti gani?"

"Yule pale."

Karibu na ghala, pembeni mwa shangazi yake, alikaa msichana aliyevaa sketi ya shule. Alikuwa anang'oa nyasi moja moja na kuzipanga juu ya goti. Alipoona watu wanamtazama alizifuta nyasi na kunyoosha mgongo, kama darasani.

"Mmemuuliza?" Wegesa alisema.

"Nani?"

"Huyo mtoto."

"Kumuuliza nini?" mzee alisema, na hakuwa na ubaya wowote. Kweli hakuelewa.

Wegesa alimtazama msichana, akakiona kikombe cha bati na kisahani juu yake. Atamwekea nani maziwa safari hii? Alijua pia hesabu nyingine, na ilikuwa rahisi kuliko zote alizowahi kuwapigia watu wa Nkende. Useme neno moja, Wegesa. Mtu angekuja kwake na shida hii, angemjibu kabla hajakaa: omba radhi, chukua watoto, hayo mengine utayaona mbele. Robi hayupo. Radhi inayomhusu Robi haikuulizwa hapa na haitaulizwa. Hawa wanataka nyingine, ya kusema kwamba yale aliyoyasikia nyuma ya nyumba, mahindi yakidonolewa na kuku, hayakupaswa kusikiwa.

"Fikiri vizuri, shemeji," alisema Joram. "Ukitoka hapa hivi hivi, watoto wanabaki kwangu. Na shamba linafuata watoto."

Nyamhanga alijibandua ukutani akaja hadi kwenye kigoda. Hakuna aliyemzuia. Shati lilimfika magotini.

"Bibi, tunaenda nyumbani?"

"Hapana, baba," Wegesa alimwambia. "Rudi kakae."

Mtoto alimtazama akingoja aendelee, maana bibi yake siku zote alikuwa na la kuongeza. Alipoona hakuna, alirudi. Njiani alianza kulia, bila sauti, mabega tu.

"Tunakusikiliza," mzee alisema.

Wegesa aligundua kwamba amekalia mikono. Aliitoa, ikiwa imekufa ganzi, akaiweka magotini mbele ya wote.

"Siombi msamaha," alisema.